Kufundisha shule ya kisiwani kwa video ukiwa Mwanza mjini: mwongozo kamili kuanzia barua mpaka dawati la nyuma

Naandika hii kwa walimu wenzangu, hasa mliopo hapa Mwanza ambao siku moja mtapigiwa simu na mkuu wa shule fulani ya visiwani akwambie "mwalimu sina mtu wa fizikia, kidato cha nne mtihani huo unakuja, tusaidie hata kwa video". Mi nilianza hivohivo. Nafundisha fizikia na hesabu, nakaa Nyegezi, na kuna shule moja ya kata huko visiwa vya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, nawafundisha vipindi viwili kwa wiki kwa video. Kabla haijakaa sawa nilikosea karibu kila kinachokoseka, ndo maana naandika.

Kwenda na kurudi kila wiki haiwezekani jamani. Mwanza mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe, kwa meli ni kama masaa matatu, hapo bado hujashuka ukatafuta boti ya kukuvusha kisiwa kingine. Kuna watu wakisikia wanasema si daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ni kweli kwa wa Sengerema na Geita wamepumua, ila kisiwani bado ni maji pande zote.

Kabla ya hatua zenyewe, mpangilio wa umuhimu: mtu wa kule kwanza, sauti ya pili, picha ya tatu. Watu wengi wanaanza na picha, wananunua TV na kamera nzuri halafu mradi unakufa wiki ya nne.

Hatua ya 1: Mpate mtu wa kule

Nilivyoanza nilimwachia kiranja wa darasa, kijana mzuri tu, anajua simu kuliko mimi. Wiki ya kwanza freshi, wiki ya pili freshi, wiki ya tatu naingia nakuta TV inapiga singeli na nusu ya darasa wako nje wanacheza mpira. Simlaumu, ni mtoto, nani atamsikiliza.

Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja mle ndani kila kipindi. Siyo lazima ajue somo lako. Wa kwetu ni mwalimu wa Kiswahili, madam mmoja ambaye fizikia yenyewe aliiacha kidato cha pili, na kiukweli hiyo imesaidia kwasababu yeye akielewa najua darasa zima limeelewa. Kazi yake ni kuwasha vitu, kutembea kati ya madawati, kushika nidhamu, na kubwa zaidi kuniambia nisichokiona. Mimi naona vichwa tu, vidogo kama punje za mtama, sioni nani kakunja uso. Kwahiyo tunakuwa na mazungumzo ya pembeni ya WhatsApp kwenye simu zetu muda wote wa kipindi, ananiandikia "rudia hapo, wa dirishani wamepotea" au "nenda mbele wameshajua hii toka mwaka jana". Bila hizo meseji nafundisha ukuta.

Mtafute na wa akiba. Madam alienda mafunzo wiki moja na nusu, vipindi vitatu vikafa hivihivi kwasababu hakuna mwingine aliyekuwa anajua hata waya wa HDMI (ule wa kupeleka picha kwenye TV) unachomekwa wapi. Na usimtumikishe bure, hata kama ni bando la wiki mpe, ule muda angekuwa anasahihisha madaftari yake au yuko nyumbani kwake.

Ruhusa: mkuu wa shule aandike barua kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, na afisa elimu kata apate nakala. Usiruke hii hata kama mkuu ni rafiki yako. Halafu kuna suala la kurekodi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Sisi tulizungumza kwenye kikao cha wazazi, wakasaini, na tukakubaliana narekodi skrini yangu na sauti tu, siyo watoto. Na ile tabia ya kupiga picha darasa uweke statasi "tukiwafikia wa vijijini", acha.

Hatua ya 2: Pima mtandao kwa miguu

Usiulize "huko kuna mtandao?" Kila mtu atakwambia upo, kwasababu anapiga simu. Kupiga simu na kurusha video ni vitu viwili tofauti.

Madam alizunguka shule nzima na simu yake, kila chumba anasimama dakika mbili anapima spidi, anaandika. Ofisi ya walimu ilikuwa hovyo kabisa. Darasa la kidato cha nne wastani. Chini ya mwembe nyuma ya jiko safi sana, ila chini ya mwembe hakuna umeme. Mwisho tukagundua maabara, dirisha linaloangalia ziwani, linapata vizuri kuliko vyumba vyote kwasababu mnara uko ng'ambo na katikati ni maji tu, hakuna kilima wala miti. Kwahiyo darasa likahamia kwenye mtandao, siyo mtandao kuhamia darasani.

Kwenye kupima angalia namba mbili, spidi ya kushusha na ya kupandisha. Watu wanaangalia ya kushusha tu. Ya kupandisha ndiyo inayokuletea sauti ya wanafunzi, na vijijini mara nyingi ndiyo dhaifu. Kwa Zoom, video ya kawaida ya watu wawili inataka kama kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi. Sauti peke yake inataka 60 mpaka 80 tu. Slaidi iliyotulia bila sura yako ni 50 mpaka 75. Zitazame vizuri hizo namba, sauti na slaidi zikijumlishwa ni kama robo tu ya video.

Pima saa ileile ya kipindi, siku tatu tofauti. Saa mbili asubuhi mtandao ni wako peke yako, saa kumi na mbili jioni kisiwa kizima kiko mtandaoni. Na muwe na laini mbili za mitandao tofauti, moja kwenye router (kile kifaa cha kusambaza intaneti), nyingine kwenye simu tayari kwa hotspoti. Router iweke juu, dirishani au kwenye mti wa mlingoti, usiifiche kabatini kisa wezi.

Kama hamna mtandao kabisa basi mkuu wa shule na diwani wapeleke maombi halmashauri yafike Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, hao ndio wanaotoa ruzuku makampuni yajenge minara sehemu zisizo na faida ya biashara. Inachukua muda. Wakati mnasubiri, ruka mpaka hatua ya 7, sehemu ya memori kadi.

Hatua ya 3: Vifaa

Upande wa shule: TV, laptop au simu moja nzuri, waya wa HDMI, spika, maiki, router. Basi.

Projekta mi siipendi kwa shule zetu. Madirisha makubwa hayana mapazia, saa nne jua limeingia ndani, picha inakuwa kama moshi. Na inakula umeme. TV ya inchi 43 inapendeza zaidi hata kama unaona ndogo.

Spika kuna mtu atatoa sabufa yake nyumbani, mkubali, ila besi ishushe mpaka sifuri. Sabufa imetengenezwa kwa muziki, ukiiacha ilivyo sauti ya mwalimu inatoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Maiki ndiyo sehemu ya kutoa hela. Ile maiki ndogo ya kubana kwenye shati yenye waya mrefu ni bei ndogo na inasaidia sana, inazungushwa kwa anayejibu. Sabufa ikae mbele, maiki iwe mbali nayo na isiielekee, la sivyo utasikia mlio ule wa kanisani maiki ikipita mbele ya spika. Na kifaa kimoja tu chumba kizima ndo kiwe na sauti wazi, vikiwa viwili mwangwi utawafukuza.

Upande wako mwalimu: sehemu yenye ukimya, hedifoni zenye maiki, na namna ya kuandika. Usinunue kalamu za kidijitali kwanza. Mimi nilipanga vitabu kumi na mbili vya kiada, juu yake nikafunga rula ndefu kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mwisho wa rula nikafunga simu ya pili ikaangalia chini mezani. Hapo chini naweka karatasi nyeupe naandika kwa maka nene nyeusi, wanaona mkono wangu unavyoandika hatua kwa hatua. Hesabu bila kuona mkono unaandika haieleweki, slaidi inakurushia jibu zima kwa mpigo mtoto anabaki anashangaa. Kitu kimoja tu, zima ule mfumo wa simu wa kujigeuza, siku ya kwanza niliandika robo saa kichwa chini miguu juu na hakuna aliyesema, heshima imezidi.

Umeme. Hata kama shule ina wa TANESCO, utakatika siku ya kipindi, ndo ilivyo. Piga hesabu hivi: TV wati 70, laptop 50, sabufa 20, router 10, jumla 150. Masaa mawili ni wati-saa 300. Betri ya N100 (ampea-saa 100) ya volti 12 inabeba kama wati-saa 1200 ila usiimalize, tumia nusu, yaani 600. Kwahiyo betri moja na inveta inakubeba siku mbili za vipindi bila jua wala umeme, inveta nayo inakula kidogo kwahiyo sema siku mbili kasoro. Paneli ya wati 150 ikipata masaa manne ya jua la maana inarudisha karibu hizo 600. Router nyingi zinatumia volti 12, soma maandishi kwenye adapta yake, ikiwa ni 12 unaweza kuichukulia moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Hapo umeme ukikatika TV inazima ila mtandao haukatiki, unaendelea kwa simu.

Na radi. Wa kanda ya ziwa mnajua, mvua yetu inakuja na radi na nyingi inapiga usiku kuelekea alfajiri. Kipindi kikiisha kila kitu kichomolewe ukutani, siyo kuzima swichi, kuchomoa.

Hatua ya 4: Programu gani

Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40. Kipindi chetu cha sekondari nacho ni dakika 40, kwahiyo inakuwa kama kengele, sema mkianza kwa kuchelewa inakukata katikati ya sentensi. Google Meet ya bure inatoa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, mkiwa wawili ni mpaka masaa 24. Na hapa watu hawashtuki: darasa lenye watoto 45 mbele ya TV moja ni mshiriki mmoja tu. Wewe mmoja, darasa moja, ni wawili. Ila ile simu yako ya pili ya kuandikia ukiiingiza kama mshiriki mnakuwa watatu, muda unarudi 60. WhatsApp nayo inabeba mpaka watu 32 na toka 2023 unaweza kuonyesha skrini, kila mtu anaijua, ila kuiunganisha na TV vizuri inasumbua. Sisi tuko Meet, Zoom ni akiba.

Bando: video pande zote mbili kwa zile kilobiti 600 ni kama MB 540 kwa saa. Sauti tupu ni kama MB 70 kwa saa. Sauti na slaidi ni kama 100. Kwahiyo nilichofanya, sura yangu inaonekana dakika tano za mwanzo za salamu na dakika za maswali, katikati nazima kamera naacha karatasi ya kuandikia au slaidi. Watoto hawahitaji kuangalia kidevu changu dakika arobaini. Ila usiizime moja kwa moja, wakikuona wanatulia. Picha yenyewe ishushe ubora kwenye mipangilio, na kwenye simu washa ile sehemu ya kubana data.

Mpangilio mmoja nausimulia kirefu kwasababu ulinitesa. Kipindi cha pili nawauliza, "nguvu inapimwa kwa kizio gani?" Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaanza na mahubiri, kwamba hamsomi, wazazi wenu wanahangaika, mpaka meseji ya madam ikaingia: "Mwalimu wamejibu mara mbili, tena kwa kelele." Kumbe programu ina kitu cha kuzuia kelele za nyuma, na watoto 45 wakisema "nyutoni!" kwa pamoja mashine inaona hiyo ni kelele inaifuta. Niliomba radhi siku hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti upande wa darasa, ile sehemu ya kuzuia kelele ishushe chini kabisa au izime.

Hatua ya 5: Andaa somo dogo

Kwenye dakika 40, kumi zimeliwa na kuunganisha, salamu na "mwalimu hatusikii". Andaa somo la 25 na dhana moja tu. Ulichokuwa unafundisha kipindi kimoja mjini hapa gawa viwili.

Jana yake jioni natuma picha za notsi fupi na maswali kwa madam, ukurasa mmoja. Kiranja anaandika ubaoni asubuhi, wengine wanakopi kabla sijaingia. Muda wa video ni wa kuelewa, siyo wa imla.

Majaribio yafanywe na wao, wewe uangalie. Hii niliichelewa sana. Nilikuwa naonyesha jaribio huku kwangu, wao wanaangalia kama sinema. Siku ya kanuni ya Archimedes nikasema hapana, leo nyie. Ndoo ya maji ya ziwa, chupa ya plastiki yenye mfuniko, mchanga. Tupu inaelea, weka mchanga kidogo inazama nusu, ongeza inazama nzima, kila hatua wanaweka alama kwa maka maji yamefika wapi. Halafu kijana mmoja wa nyuma ambaye toka tuanze hajawahi kufungua mdomo akaja kwenye maiki akaeleza mtumbwi wa baba yake unavyoshuka ukijaa dagaa wabichi na jinsi wanavyosoma kwenye ubao wa pembeni wajue mzigo umezidi. Nilichotaka kusema kwa nusu saa alikimaliza yeye kwa dakika moja. Watoto hawa maji wanayajua kuliko mimi wa Nyegezi.

Lugha. Mtihani ni Kiingereza na nafundisha kwa Kiingereza, lakini kwenye mtandao unaokatakata, Kiingereza kikipotea neno moja sentensi yote imekwenda, wakati Kiswahili mtu anajaziajazia mwenyewe. Kwahiyo dhana naielezea kwa Kiswahili, istilahi na majibu kwa Kiingereza, na istilahi zote ziko ubaoni tayari. Madam wakati mwingine anatupia Kikerewe au Kijita darasa linacheka, basi wameelewa.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Washa robo saa kabla. Siyo dakika tano.

Anza na watu. Nina orodha ya majina mezani kama ramani ya madawati, nani kakaa wapi, nawaita kwa majina. Ukiuliza "mmeelewa?" utajibiwa "ndiyooo" hata kama sauti ilikatika zamani. Uliza dawati: "Dawati la tatu dirishani, mkishauriana, jibu ni nini?" Kisha nyamaza. Sauti inachelewa kufika, na wao wanachelewa kunyanyuka, hesabu kimoyomoyo mpaka sita kabla hujafungua mdomo. Nilikuwa siwezi, kila wakitaka kuongea na mimi nimeanza tena, tunagongana kama watu wawili mlangoni.

Vibao vimetusaidia kuliko teknolojia yote. Vipande vya plaiwudi saizi ya daftari vimepakwa rangi nyeusi, kimoja kila dawati, na chaki. Nikiuliza swali wanaandika jibu kwa herufi kubwa, nahesabu tatu wananyanyua wote kwa pamoja, kamera inaona vibao kumi na tano, ndani ya sekunde kumi najua nani yuko wapi. Fanya hivyo kila baada ya dakika saba nane, ukiongea zaidi ya hapo mfululizo umeshawapoteza.

Mvua ikianza, acha. Bati halina dari, mvua ikishuka hakuna sabufa ya kushindana nayo. Tunachofanya madam anaandika ubaoni "swali la 4 mpaka 7", wanafanya kimyakimya, mimi nasubiri na kamera iko wazi naangalia mvua ya Ukerewe kwenye skrini mpaka ipungue.

Hatua ya 7: Ikikata

Itakata. Andikeni utaratibu kwenye karatasi ya manila, bandikeni ukutani maabara, ili asiwepo mtu wa kuanza kuulizana.

Kwanza zima video zote, bakini na sauti. Dakika mbili haijarudi, hamia laini ya pili. Bado, napiga simu ya kawaida kwa madam, hata kwenye kitochi, simu inawekwa lauda karibu na maiki ya sabufa au anarudia ninachosema, tunaendelea na maswali yaliyopo ubaoni. Simu ya kawaida imetuokoa vipindi vingi kuliko laini ya pili, nasema ukweli. Na kama hata simu haiendi, kuna karatasi ya akiba ya maswali iko kabatini toka mwanzo wa mwezi, wanafanya.

Halafu memori kadi. Kila mada narekodi maelezo mafupi, dakika nane mpaka kumi, naishusha ubora mpaka 360, nayaweka kwenye memori kadi. Kadi naifunga kwenye karatasi ya nailoni, naweka kwenye bahasha yenye jina la madam na namba ya shule, inapanda meli kwa mtu anayeenda Nansio, huko inachukuliwa na mtu wa boti. Inafika siku mbili tatu. Inachomekwa kwenye TV kwa kisomeo cha USB, haiitaji bando hata shilingi. Shule isiyo na mtandao kabisa inaweza kuishi kwa hii na simu moja ya maswali kwa wiki.

Hatua ya 8: Ratiba ifuate mwezi, siyo kalenda ya ukutani

Hili sikulisoma popote. Nilikuwa naona mahudhurio yanapanda na kushuka, wiki mbili darasa limejaa, wiki inayofuata nusu, na waliopo wanasinzia. Nikadhani wamenichoka. Madam akaniambia angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Kwahiyo wakati wa giza asubuhi mwaloni (ufukweni boti zinaposhusha samaki) kuna dagaa wa kuanika, na wanaoanika ni akina mama na hawahawa watoto wetu.

Sasa hivi mada mpya nazipanga wiki za mbalamwezi. Wiki za giza ni marudio, maswali, na kipindi kimehamia saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi. Daftari la mahudhurio limebadilika kabisa. Kama shule yako iko kwenye pamba au mpunga utakuwa na giza lako la aina nyingine, muulize mtu wa kule.

Hatua ya 9: Kusahihisha

Fupi tu. Madam anapiga picha madaftari kumi kila wiki, siyo yote, kwa zamu, natuma masahihisho kwa sauti ya WhatsApp na anaipiga kwa mwenyewe. Maswali ya mitihani ya nyuma yapo kwenye tovuti ya NECTA bure, vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, vinavyopakulika pakua usiku bando likiwa rahisi umpelekee kwenye ileile memori kadi. Mtihani wa mwezi usimamiwe kule na karatasi, usijaribu kusimamia kwa kamera.

Hatua ya 10: Nenda

Mara moja kwa muhula panda meli uende. Beba mita ya kupimia umeme, waya wa akiba, maka, fyuzi za inveta. Watakucheka kwanza, mi waliniambia "kumbe mwalimu mfupi hivi", kwenye TV nilikuwa mrefu.

Ila kikubwa ukifika, mwambie mwenzako wa mjini aingie afundishe kwa simu yako na vitabu vyako na karatasi yako, wewe nenda ukakae nyuma kabisa na wanafunzi. Nilikaa dawati la mwisho, kona ya kabati la kemikali. Rafiki yangu akaanza kuandika ile ninayoandika siku zote, mistari kumi na mbili kwenye karatasi moja, na mimi mwenye macho mazima sikusoma hata namba moja. Nikamuuliza kijana niliyekaa naye, huwa mnasomaje hapa? Akasema, "Tunakopi kwa wa mbele, mwalimu, wakimaliza." Muhula mzima. Na vibao walikuwa wananyanyua, na majibu yalikuwa sahihi.

Sasa naandika mistari mitano kwa karatasi, herufi urefu wa kidole, na madawati yanazungushwa kila Jumatatu.